Sikio Lizibwalo Kinuni

Sikio lizibwalo kinuni huitika nyumbani. Mmelisikia neno hilo leo asubuhi kwa msimamizi, mkacheka, na sasa mmekuja kuniuliza mimi mtu wa stoo limetoka wapi. Mmefanya vizuri. Wenzenu wa msimu uliopita hawakuuliza kitu. Walisaini kitabu, wakachukua vikombe vyao vya kuzibia masikio, wakavitundika shingoni kama kidani cha bibi harusi, wakaenda zao. Kaeni hapo juu ya marobota. Wewe Shija usiliegemee hilo la mwisho, halijafungwa vizuri, na mimi sina nguvu za kukufukua kutoka kwenye pamba.

Methali nyingi mnaambiwa ni za wahenga, na hakuna aliyewahi kuwaona wahenga hao wakila ugali. Hii si hivyo. Chanzo chake ni nyumbani kwangu, na aliyeisema kwa mara ya kwanza alikuwa mama mkwe wangu.

Jina lake lilikuwa Limi, lakini mji mzima ulimwita Mama Masalu, kwa jina la mwanawe wa pekee, ambaye baadaye akawa mume wangu. Alifanya kazi humu katika kinu cha pamba miaka kumi na tisa, kwenye mashine ya tatu, ile iliyo karibu na dirisha la mashariki. Siku hizi kuna mabomba ya kufyonza vumbi. Wakati ule hayakuwapo, na pamba ilielea. Jua la asubuhi likiingia dirishani ungeziona nyuzi zikipanda na kushuka polepole, zikitua kwenye nywele za watu na kwenye kope zao, na aliyesimama mwisho wa ukumbi alionekana kama mtu unayemwota. Nilipoingia mara ya kwanza kumpelekea mama mkwe chakula chake, nilisimama mlangoni nikijiuliza kama nimeamka au bado nimelala.

Na kelele, mtaisikia wenyewe kesho. Misumeno ya kutenganisha nyuzi na mbegu ina kelele ambayo ikizidi kiasi masikio huacha kuihesabu. Unaona midomo inacheza, unaona mtu anacheka meno yote nje, na kicheko hukisikii. Watu wa mle ndani walijifunza kuzungumza kwa midomo tu. Waliweza kusengenyana kutoka mashine ya kwanza hadi ya tano bila kutoa sauti, na mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa bingwa wao. Alikuwa anasoma mdomo wa mtu kama ninyi mnavyosoma simu zenu.

Vikombe vya masikio vililetwa akiwa na miaka minane kazini. Kila mtu alipewa vyake, pamoja na barakoa. Mama Masalu alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavitundika shingoni. Hapo ndipo vilipokaa. Mkubwa wa kazi akipita, alivipandisha masikioni. Mkubwa akishapita, aliviteremsha.

Msidhani alikuwa mkaidi. Tatizo lilikuwa salamu. Katika mji huu hakukuwa na mtu mwenye adabu kumzidi. Alimwitikia kila mtu, mtoto na mzee, tajiri na yule mgonjwa wa akili aliyekuwa akilala sokoni. Kinuni vijana walikuwa na desturi ya kumpitia kila asubuhi, wanamwinamia hadi sikioni na kumwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba, mmoja mmoja. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo azibe masikio.

Msimamizi wa siku hizo, Bwana Luhende, alimwita pembeni akamwambia avae.

"Nikivaa, vijana wakiniamkia nitawasikiaje?" mama akamuuliza.

"Watakusamehe."

"Watanisamehe leo, kesho wataacha kuniamkia. Mtu akikuamkia amekupa kitu mkononi, Bwana Luhende. Usipoitikia umekiacha kianguke."

Bwana Luhende akaenda zake, maana yeye mwenyewe alikuwa amemwamkia asubuhi ile ile. Na kwa kuwa mama aliheshimiwa, wengine wakamwiga. Ukumbi mzima ukawa wa watu waliovaa vikombe shingoni kwa ajili ya adabu.

Miaka ikapita hivyo, pamba ikielea. Kisha mama akaanza kuwasikia nyenje. Mwanzoni aliwasikia akifika nyumbani tu, anapokaa kibarazani kuvua viatu. Aliwapenda. Alisema ni nyenje wazuri, wana sauti nyembamba iliyonyooka, na kwamba wanamfuata kutoka kazini hadi nyumbani kumsindikiza. Baadaye wakawa wanaimba na asubuhi pia. Hakumwambia mtu, kwa sababu nani atamweleza jirani yake kwamba nyenje wanaimba?

Ndipo mimi nikaja.

Nilitoka upande wa Kahama, nikaolewa na Masalu mwezi wa sita, pamba inapoanza kuingia kinuni. Nilikuwa na miaka ishirini, mwembamba, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko mimi. Msicheke. Nilifundwa vizuri. Mkwe anapigiwa magoti, anaamkiwa, na macho yanabaki chini. Hutazami uso wa mama mkwe kama unatazama picha ukutani. Basi asubuhi ya kwanza nikaenda mlangoni pa jiko, nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo, mayu." Kwetu mama tunamwita mayu.

Hakuitikia.

Nikadhani hakusikia. Nikarudia. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria, uji ukikorogwa, na hakuna neno. Nikaondoka. Baada ya muda mfupi mume wangu akatoka ndani, akamwamkia mama yake kwa ile sauti yake nene, na mama akaitikia vizuri kabisa, akamuuliza na usingizi ulikuwaje.

Kesho yake, vile vile. Na keshokutwa. Mzee wa jirani akipita njiani na kusalimu kwa sauti ya kukwaruza, anaitikiwa. Muuza mkaa anaitikiwa. Mimi ninayelala chini ya paa lake, nimepiga magoti mbele yake, sina jibu. Yule mwanamke ambaye mji mzima unamsifu kwa kuitikia salamu, mtu pekee aliyemnyima jibu nilikuwa mimi.

Niliumia jamani. Sitawaficha. Nilikuwa nikienda bombani kuchota maji naona kila mtu ananiangalia, hata wasioniangalia. Mwishowe nikamweleza mama mmoja pale, mtu mzima, nikitumaini atanipa moyo. Akatua ndoo yake, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "akufukuzaye hakwambii toka."

Nilibeba maneno hayo hadi nyumbani pamoja na ndoo. Nikamwambia Masalu kwamba mama yake hanitaki. Akacheka. "Mama yangu? Mama yangu anamwitikia hata mgonjwa wa sokoni."

"Ndiyo sababu naumia," nikamwambia.

Hakuelewa. Wanaume wakati mwingine wanaishi katika nyumba hiyo hiyo na bado hawamo. Nikanyamaza. Na wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba nina mimba ya miezi miwili. Nikawa ninawaza kwamba mtoto huyu atazaliwa katika nyumba ambayo mama yake si mtu, na atajifunza hivyo tangu utotoni. Hilo ndilo lililonishinda. Nikaamua kurudi kwetu kabla tumbo halijaonekana.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, kinu kimefungwa, Masalu ameenda mnadani kuangalia ng'ombe. Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge. Lakini nilifundwa, nimewaambia. Hutoki katika nyumba ya watu bila kuaga. Nikaenda na mzigo wangu hadi uani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, anachambua mchele. Mchana ule ulikuwa umetulia kabisa. Hakuna upepo, hakuna jogoo, hata mbwa walikuwa wamelala. Kwenye ushungi wake kulikuwa na unyuzi wa pamba uliobaki tangu jana, na ulikuwa unatikisika kidogo kwa pumzi yake. Nikapiga magoti nyuma ya bega lake. Nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mayu. Nimekuja kuaga."

Kimya. Alikuwa anatabasamu peke yake, vidole vinatembea kwenye ungo.

"Mayu, naondoka."

Kimya. Kisha akasema, kwa upole, kama anayezungumza na mtu wa ndani ya ungo, "Ah, nyenje hawa hawachoki."

Nikasikiliza. Mwezi wa nane nchi yetu imekauka hadi inapasuka. Hakukuwa na nyenje hata mmoja. Nikaona sasa ananidhihaki. Mimi namuaga, yeye ananizungumzia wadudu wasiokuwapo. Hasira ikanipanda na adabu yote niliyofundwa ikanitoka. Nikasogea mbele yake, nikainua uso, nikamtazama machoni.

"Mayu, nyenje gani?"

Alishtuka. Akaniangalia mdomo, si macho.

"Hawa wanaoimba," akasema. "Huwasikii?"

Nikaona nimevuka mpaka. Nikainama tena haraka nikasema samahani mayu, nimekosa. Akaweka ungo chini.

"Sema tena. Na uinue uso, mwanangu. Nikiuona mdomo nasikia."

Maneno hayo aliyasema kama jambo la kawaida tu, kwa sababu kwake lilikuwa la kawaida. Hivyo ndivyo alivyoishi kinuni miaka yote. Lakini mimi ndiyo kwanza nalisikia. Nikainua uso, na nikatamka polepole.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kwa muda. "Leo umekumbuka kuniamkia."

"Leo?"

"Tangu uje hujaniamkia hata siku moja. Unakuja, unapiga magoti kimya, unaondoka kimya. Nikasema huyu binti ana jambo moyoni, anapiga magoti kwa ajili ya watu tu. Salamu usiyopewa utaiitikiaje? Sikumwambia Masalu. Niliogopa nitawavunjia nyumba."

Oneni hilo, wanangu. Miezi miwili na nusu, wanawake wawili katika ua mmoja, kila mmoja anaumia kwamba mwenzake hamtaki, na kila mmoja amenyamaza kwa heshima.

Nikamwomba ruhusa nimjaribu. Nikaenda nyuma yake, nikaamkia kwa sauti yangu. Hakutikisika. Nikaamkia tena kwa nguvu zaidi. Bado. Ndipo nikabana kidevu kifuani nikaishusha sauti hadi ikawa ya mwanaume, nikasema, "Shikamoo." Akageuka, anamtafuta Masalu.

Alipokuta ni mimi tu, alielewa. Alikuwa mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Sauti nyembamba," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Ndege nao. Nilidhani wamehama." Akafikiri. "Na nyenje hawapo."

"Hawapo, mayu."

"Kabisa?"

"Ni kiangazi, mayu. Hakuna hata mmoja."

Akausogeza ungo pembeni. Baadaye akaanza kulia, na hakuficha. Aliushika mkono wangu uliokuwa umeshika fundo la kitenge, na hapo ndipo alipoona kwamba lilikuwa fundo la safari. "Niliyaacha masikio wazi ili nisimkose mtu," akasema, "nimekukosa wewe ndani ya ua wangu." Nikalia na mimi. Wali tuliula siku ile una mawe, na hakuna aliyelalamika, hata Masalu ambaye kwa kawaida jiwe moja humsusisha chakula.

Kesho yake mama aliingia kinuni, akavipandisha vikombe masikioni kabla ya mashine kuwashwa, akavaa na barakoa yake. Kijana wa kwanza akaja kumwamkia kama kawaida. Mama akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Kijana hakuelewa. Akanyoosha mkono ainue kikombe kimoja ili amwamkie vizuri sikioni. Mama akamshika mkono, akamtoa hadi nje, mbali na kelele, na wengine wakawafuata wakidhani kuna ugomvi.

"Unataka nikuitikie?" akamuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi niache nizibe. Sikio lizibwalo kinuni huitika nyumbani. Langu halikuzibwa, na mkwe wangu alikuwa amefunga mzigo."

Akawaeleza yote, mbele ya watu, mtu ambaye angeweza kuona haya akanyamaza. Tangu siku hiyo kinuni humu hatuamkiani kwa mdomo. Mtaona kesho. Mtu anaweka kiganja kifuani, mwenzake anaweka kiganja kifuani, imetosha. Hakuna heshima iliyopungua. Watu wa mji wanapotuona tunafanya hivyo barabarani kwa mazoea, wanasema hao ni wa kinuni.

Masalu alimpeleka mama yake hospitali kubwa. Daktari akampima, akamwambia nyenje wale ni kelele za mashine zilizomharibu masikio, na kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Mama akamshukuru, akakilinda kilichobaki hadi alipostaafu. Nami nikajifunza kuzungumza naye kwa sauti nzito kabisa, uso juu, na hii sauti nene mnayonitania nayo kwamba mama wa stoo ananguruma, niliipata hivyo. Nilimzoesha, nikaizoea.

Laiti ingeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri.

Mwezi wa tatu nilijifungua binti, mvua ikinyesha, tukamwita Mbula, yaani mvua kwa lugha yetu. Bibi yake alimbeba siku zote. Mtoto akilia, mama alikuwa hajui mpaka amwone mdomo, basi alijifunza kuweka kiganja kwenye mgongo wake. Kwa kiganja alijua analia au anacheka. Mbula alipofika miaka mitatu akawa mwimbaji. Alikuwa anaimba kutwa, anajitungia maneno yake, hayana kichwa wala miguu, na bibi amekaa naye kibarazani, kiganja kwenye ule mgongo mdogo, macho ameyafumba.

Jioni moja nilikuwa nafagia. Mama akafumbua macho, akaniuliza, "Kabula, sauti yake ikoje?"

Nikasimama na ufagio. Nikauegemeza ukutani. Utamweleza mtu sauti kwa kitu gani? Nikapiga magoti mbele yake, uso juu.

"Nyembamba, mayu."

"Nyembamba namna gani?"

"Kama yangu ilivyokuwa nilipokuja kwako."

Akaitikia kwa kichwa. Alifikiri kidogo, akiupapasa mgongo wa mtoto, na mtoto anaendelea kuimba.

"Basi na hiyo siijui," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, akafumba macho tena. Amefariki mwaka wa nane sasa, Mungu amlaze pema. Mbula ni mwalimu, anaimba kwaya, watu wanatoka mbali kuja kumsikiliza. Bibi yake alimlea hadi akakua, na ile sauti hakuisikia hata mara moja.

Wiki iliyofuata jioni ile nilikuja kuomba kazi hapa. Nilifanya miaka ishirini na mbili kwenye mashine ya tatu kabla ya kupewa stoo hii, na hakuna siku niliyoingia ukumbini masikio yangu yakiwa wazi. Wajukuu wangu wanne nawajua kwa sauti hata wakiwa nyuma ya ukuta, nani analia na nani anajifanya.

Haya, sainini kitabu. Shija, hivyo vikombe vitoe shingoni, shingo yako haisikii kitu. Kila mmoja wenu ana mtu ambaye bado hajazaliwa, na mtu huyo atakuja siku moja akuamkie kwa kasauti kembamba, ukiwa umempa mgongo. Sikio lizibwalo kinuni huitika nyumbani.